Dkt. Nanyama, Aliyechora Beti za Jeni Moja

Mchungaji, wazee wa pande zote mbili, majirani wa hapa Kiminini na wageni mliotoka Kitale, Bungoma, Webuye na mbali zaidi, kamati ya mazishi imetoa dakika kumi na tano kwa historia hii, na maisha ya miaka hamsini na miwili hayaingii humo hata yakisukumwa, kwa hiyo atakayeona jambo lake limerukwa atuvumilie, na atakayesikia jambo ambalo angependa liachwe atuvumilie zaidi. Familia ya Walubengo, alikoolewa marehemu, na familia ya Wepukhulu, alikozaliwa, zimekubaliana isomwe historia moja badala ya mbili, nayo inasomwa na mdogo wake wa kumfuata, Kizito.

Marehemu Dkt. Rodah Nanyama alizaliwa Jumapili tarehe 9 Aprili 1972, nyumbani, karibu na Mabanga, Bungoma, akiwa mtoto wa tano kati ya watoto sita wa marehemu mzee Wepukhulu, aliyefariki tarehe 2 Agosti 1969, na mama Nakhumicha, ambaye yuko nasi leo akiwa na miaka themanini na sita na masikio mazuri kuliko ya wajukuu wake. Alilelewa hapo nyumbani na mama, pamoja na baba yetu mdogo Mukhisa, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha karatasi kule Webuye na kurudi kwa baiskeli kila Jumamosi, akiwa amefunga nyuma vipande vya karatasi vilivyokatwa kombo, ambavyo Nanyama alivichora pande zote mbili mpaka pakakosa nafasi ya kidole.

Alianza darasa la kwanza Januari 1979 katika shule ya msingi ya hapo Mabanga, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1986, na ni katika shule hiyo tabia yake ya kuudhika na vitu visivyolingana ilipoonekana mara ya kwanza, kwani alichapwa viboko vinne kwa kumwambia mwalimu wa jiografia kwamba reli aliyoichora ubaoni inavuka mto mahali pasipo na daraja, na baada ya kuchapwa akarudi kukaa akasema bado haina daraja. Alisoma shule ya upili ya wasichana mjini Bungoma kuanzia 1987 hadi 1990, akaingia chuo kikuu Nairobi mwaka 1992, akahitimu shahada ya baiolojia mwaka 1996, kisha baada ya kufanya kazi na kungoja nafasi, maana katika nchi hii kungoja nako ni kazi, akapata shahada ya uzamifu ng'ambo tarehe 3 Julai 2009.

Aliajiriwa kwanza katika maabara ya hospitali mjini Bungoma mnamo Februari 1997, na hapo ndipo alipokutana na Bi. Zulekha, mtaalamu wa maabara, aliyekuwa mwenzake wa kazi na rafiki yake hadi siku ya mwisho. Mwaka 2012 alihamia kituo cha utafiti hapa Kitale, na kwa miaka kumi na miwili majirani walimbishia hodi wakiwa na watoto wenye malaria, naye kwa miaka kumi na miwili aliwaeleza kwamba yeye si daktari wa aina hiyo, kisha akavaa viatu na kuwapeleka hospitali kwa gari lake huku akinung'unika njia nzima.

Alifunga ndoa na mwalimu Walubengo, wa hesabu, tarehe 12 Desemba 1998, na Mungu akawajalia watoto wawili, Lorraine, aliyezaliwa tarehe 30 Oktoba 2000, na Mukhisa, aliyezaliwa tarehe 8 Mei 2004, akapewa jina la baba yetu mdogo ambaye wakati huo alikuwa amefariki. Mume wake ametuomba tuseme kwamba walikuwa wakigombana juu ya jambo moja tu, nalo ni hesabu, kwa sababu yeye hakuamini kuna hesabu isiyokuwa na jibu, na mkewe alikuwa na moja iliyokaa mezani kwao miaka mitatu.

Kuhusu kazi yenyewe, wengi wetu tulijifanya tunaielewa, kwa hiyo afadhali ielezwe hapa mara moja. Jeni aliyoichora ina jina la herufi na tarakimu ambalo msomaji hatathubutu kulitamka mbele ya watu, ila marehemu alipowaeleza wanakwaya wenzake alisema jeni ni kama wimbo wa kitabuni wenye beti nyingi, na kiongozi akisimama hasemi tuimbe zote, anasema leo tuimbe wa kwanza, wa tatu na wa mwisho, na chembe za ubongo nazo zinafanya hivyo hivyo, zinachagua beti, wimbo ule ule mmoja ukatoka kwa namna nyingi, na beti zikiharibika au zikichaguliwa vibaya, wakati mwingine, wala si kila mara, mtu huugua akili. Kwamba jeni hiyo inahusika na magonjwa ya akili ilishajulikana, lakini hakuna aliyekuwa ameichora yote, kila ubeti unapoanzia na unapoishia, na kuanzia Januari 2015 hiyo ndiyo kazi aliyoifanya yeye pamoja na maabara moja ya ng'ambo, kule wakisoma ubongo wa marehemu waliojitolea, huku yeye akipanga na kuchora, mpaka Septemba 2018 alipoupata ubeti mmoja mfupi, wa herufi mia moja na nane, ambao haukuwa kwenye mchoro wa mtu yeyote duniani. Siku hiyo alinunulia kituo kizima soda, na wenzake wanasema hawakumwona tena akicheka namna ile.

Ili kujua kama ubeti huo una maana yoyote kwa wagonjwa, alihitaji familia kubwa ambamo ugonjwa unarudi kizazi baada ya kizazi, naye tangu 2016 alikuwa ameshaanza kutembelea moja upande wa Webuye, ambayo haitatajwa hapa, na tunaomba asiwepo mtu wa kukisia baada ya chakula. Majirani walikuwa wameshaibandika jina baya, mabinti zake hawaposwi, na kila mtu alikuwa na maelezo yake, huyu akisema laana, yule akisema marehemu fulani amekasirika kaburini. Marehemu Nanyama aliwaahidi watu hamsini na watatu waliompa damu yao kwamba hataweza kuwaponya, lakini atawapa kitu kimoja, karatasi yenye ukweli wa ugonjwa huo unapita wapi, ili waache kutafuta mchawi. Ahadi hiyo ndiyo iliyomla, maana mengine yote aliyapata.

Katika familia hiyo walikuwa ndugu wawili, mkubwa aliyefariki mwaka 1981 akiacha mke, na mdogo ambaye yuko hai na ndiye kiongozi wa familia sasa, na historia hii itamwita Mzee tu. Ubeti ule, ukiwa umevunjika, ulionekana kwenye damu ya Mzee na ya baadhi ya watoto wake, na hapo hapakuwa na ajabu, lakini ulionekana pia kwa watoto wanne wa mwisho wa yule ndugu mkubwa, ilhali wanne wa kwanza hawakuwa nao hata kidogo, wala mama yao hakuwa nao, ikawa kama ubeti umeruka ua kutoka nyumba moja kwenda nyingine usiku na mchana bila miguu. Maabara ya ng'ambo ilipoona hesabu hizo, tarehe 14 Mei 2019, iliandika barua pepe ya mistari mitatu ikisema kwamba chupa za damu zilichanganywa Kitale, na kwamba kazi isimame.

Hakuna neno lililomuuma kama hilo la kuchanganywa, kwa sababu kila chupa ilikuwa imeandikwa mara mbili, na mikono miwili tofauti. Bi. Zulekha, aliyewatoa watu hao damu, aliisoma barua, akaikunja, akasema, "Daktari, mimi nimetoa watu damu hapa Bungoma miaka ishirini na kitu, sijawahi changanya hata ya malaria, ati sasa nichanganye ya hawa?" Waliomba kurudia, wakangoja kibali, kibali kilipotoka ikaja Korona, Korona ilipolegea kibali kikawa kimeisha muda, wakaomba kingine, na Agosti 2021 wakarudi Webuye, wakawatoa damu watu wale wale, matokeo yakawa yale yale, na maabara ikajibu kwamba basi chupa zimechanganywa mara ya pili. Marehemu alianza kuongea na karatasi. Mwalimu Walubengo alikuwa akimkuta sebuleni akiuambia mchoro, wewe ni mwongo, na mwongo ni mmoja kati yenu hapa, na nitamjua.

Alimjua Jumamosi tarehe 19 Machi 2022, mahali kama hapa. Mmoja wa wale watoto wanne wa mwisho alikuwa amefariki, Nanyama na Bi. Zulekha wakaenda mazishi, na historia ya marehemu ikasomwa kama hii inavyosomwa, kwamba amezaliwa mwaka 1986, mtoto wa saba wa mzee fulani aliyefariki mwaka 1981, na watu mia tatu wakatikisa vichwa kwa heshima, na Nanyama akatikisa chake. Walikuwa wameshapanda boda boda kurudi Webuye mjini, yeye mbele na Zulekha nyuma kwa pikipiki ya pili, alipompiga dereva bega akapaza sauti, "Simama! Simama kwanza!" Dereva akamuuliza, "Madam, kwani umesahau kitu?" naye akajibu, "Nimesahau miaka mitano," akateremka, akakaa ukingoni mwa barabara na nguo yake ya mazishi, akaanza kuhesabu kwa vidole.

Nyote mnajua alichokihesabu. Kwetu mume akifa ndugu yake humrithi mjane, na watoto watakaozaliwa baadaye ni wa yule aliyetoa ng'ombe wa mahari, hata kama kaburi lake limeshaota nyasi, kitanda hakizai haramu, na wazee wakisema hivyo hawatanii. Ile fomu ya utafiti iliyouliza baba yako ni nani aliijaza yeye mwenyewe, mara hamsini na tatu, na kila mara aliandika jibu alilopewa bila kuinua kichwa, kwa sababu jibu la aina hiyo ndilo alilolijaza yeye tangu darasa la kwanza. Mgeni angeuliza, mzungu yeyote mwenye kalamu angetaka kujua mtu anazaaje akiwa amekufa, lakini Mbukusu hasikii ajabu hapo, na ndiyo maana kosa hili lilikuwa letu peke yetu. Nyani haoni kundule, mchungaji atusamehe. Na sisi tulioketi hapa tusimcheke, maana mwanzoni mmesomewa mwaka aliozaliwa Nanyama na mwaka aliofariki mzee Wepukhulu, na hakuna aliyegeuza shingo.

Sasa hesabu zilikubali zote, ugonjwa ulikuwa umepita kwa Mzee, si kwa ndugu yake, hakukuwa na laana wala chupa iliyochanganywa, na kilichobaki kilikuwa kidole gumba cha Mzee kwenye karatasi, kwa sababu kanuni inasema mchoro wa familia haubadilishwi bila ruhusa ya mwenyewe, na bila familia hiyo ubeti mpya unabaki kuwa mchoro usio na mtu. Tarehe 7 Aprili 2022 Nanyama alimpelekea Mzee mchoro aliouchora upya kwa namna ambayo haimo kwenye vitabu vyao, kila mtoto akiwa na mistari miwili, mstari mzito unaokwenda kwa mwenye boma na mstari wa nukta unaokwenda kwa mwenye damu, ili asifutwe mtu.

Mzee aliutazama mchoro, akasema, "Nikiweka kidole hapa, hao watoto itakuwa yangu, na ndugu yangu atabaki na nani?" Nanyama akamwonyesha kwamba mstari mzito bado upo, hauguswi. Mzee akauliza, "Na hii ya nukta, nyinyi kwenu mlishachora?" Nanyama, aliyewajibu maprofesa wa mabara matatu, akasema bado, na Mzee akamrudishia karatasi kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, akasema, "Basi enda uchore ya kwenu kwanza, ndio ukuje."

Aliichora ya kwetu wiki hiyo hiyo. Kuichora kulimchukua robo saa, na kumwonyesha mama kule Mabanga kulimshinda miaka miwili na nusu. Alikuja nyumbani na karatasi hiyo mkobani mara saba, tunazihesabu sasa, akanywa chai, akakagua mahindi, akamsuka mama nywele, akarudi nayo Kitale, na mara moja mama aliiona ikichungulia akauliza ni nini, akajibiwa ni kazi tu. Alikuwa na hasira juu ya jambo hilo, alijiita mwoga mbele ya mume wake na mbele ya Zulekha, alisema anawadai watu hamsini na watatu wavue nguo ilhali yeye amevaa koti, na bado hakuweza, kwa sababu si rahisi kumwuliza mama mwenye miaka themanini na kitu swali ambalo kijiji kizima kimekubaliana halina haja ya kuulizwa. Msomaji wa historia hii naye asijifiche nyuma ya dada yake, kwani alionyeshwa karatasi hiyo Desemba 2023, akasema wacha kwanza, na neno hilo wacha kwanza analijutia leo kuliko maneno yote aliyowahi kumwambia.

Maumivu ya tumbo yalimwanza katikati ya mwaka 2024, akayaficha akisema ni vidonda vya hasira, na kweli mficha maradhi kifo humuumbua, maana tarehe 21 Oktoba 2024 alipopimwa hospitalini Eldoret ilikuwa saratani ya kongosho, nayo imeshasambaa. Alitibiwa huko hadi Januari, akarudi Kitale, na kitandani aliendelea kusahihisha mchoro, akimwomba Lorraine amshikie ubao. Mwezi Februari maabara ya ng'ambo iliandika kuomba radhi kwa maneno kuhusu chupa, ikasema mchoro wake wa mistari miwili umekubalika jinsi ulivyo, inangoja tu ruhusa ya familia, na alipomaliza kusoma hakushukuru wala hakulia, aligeukia ukutani akasema, "Sasa ndio mnanikubali." Alifariki nyumbani Alhamisi tarehe 13 Machi 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mume wake na watoto wote wawili wakiwa wamemshika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Eldoret na wa Kitale, ambao hawakutudanganya hata siku moja, tunamshukuru Bi. Zulekha na familia yake waliofunga safari kila Jumapili kutoka Bungoma wakiwa na uji na habari za mjini, tunawashukuru wenzake wa kituo cha utafiti kwa tenti na magari, kwaya kwa beti zote, majirani wa Kiminini kwa kuni, maji na ng'ombe waliotukamulia bila kuombwa, na vijana wa boda boda wa hapa kituoni, ambao hakuwahi kuwalipa bila kwanza kuwagombeza.

Limebaki jambo moja, na kamati haikupewa nakala yake. Jumatano wiki hii msomaji alikwenda Mabanga akamsomea mama historia hii yote, kama mnavyoisikia, maana Nanyama alikuwa ameacha ujumbe kwamba isisomwe bila mama kuisikia, na kama mama atakataa basi ichomwe pamoja na mchoro. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaomba maji, akanywa, akasema, "Andika Mukhisa. Lakini Wepukhulu usitoe, huyo ndiye alinioa. Weka wote wawili." Kisha akaongeza, huku akilia sasa, "Kwani huyu mtoto alikuwa ananiogopa?"

Kwa hiyo fungueni kijitabu mlichopewa mlangoni, ukurasa wa mwisho kabisa, ambao wengi wenu mmedhani ni kazi ya maabara. Ni sisi. Watoto wanne wa kwanza wana mstari mmoja, na wawili wa mwisho, Nanyama na huyu anayewasomea, wana mistari miwili, ule mzito unakwenda kwa mzee Wepukhulu, aliyetupa jina na boma, na ule wa nukta unakwenda kwa mzee Mukhisa, aliyetuzaa, akatusomesha, akafariki tarehe 17 Juni 1999, na siku ya kumzika tulisomwa kati ya watoto wa ndugu, tukakaa kimya. Tunakuomba radhi, baba, tumechelewa miaka ishirini na mitano.

Na kwa Mzee wa Webuye, hatujui kama umekuja, na kama umekuja hatujui umekaa tenti gani, wala hatutauliza. Karatasi yako iko kwa Bi. Zulekha, hakuna anayekulazimisha, wala Nanyama hakukulaumu. Uliuliza kama kwetu tulishachora. Tumechora.

Nanyama, binti ya Wepukhulu, binti ya Mukhisa, pumzika kwa amani.